Harufu ya Saa Kumi na Mbili Asubuhi

Mwezi wa Julai mwaka wa 2016, binti yangu, ambaye wakati huo alikuwa darasa la pili, alirudi nyumbani Buruburu akaniambia kwamba mwalimu wake ameinusa sweta yake na kumuuliza kama baba yake anauza petroli. Aliyasema hayo akivua viatu, bila kinyongo chochote, lakini mimi usiku ule sikupata usingizi mzuri. Harufu ile nilikuwa nimeinusa kwa majuma mawili, nami nilikuwa nimejizoeza kuamini kwamba ndiyo kawaida ya gari la aina ile.

Gari lenyewe lilikuwa Subaru Impreza ya mwaka wa 1998 ambayo mdogo wangu aliniachia alipokwenda kufanya kazi Qatar. Lilikuwa limeingia nchini likiwa na injini ya kawaida isiyo na turbo, yaani kile kifaa kinachosukumia injini hewa zaidi ili ipate nguvu, naye akaing'oa na kupachika mahali pake injini ya EJ20 ya lita 2 yenye turbo, pamoja na pampu kubwa zaidi ya petroli. Kazi hiyo aliifanya mwenyewe uani kwa wazazi wetu, Jumamosi baada ya Jumamosi, kwa karibu miaka miwili, na kila alichokibadilisha alikiandika katika daftari lenye jalada jeusi ambalo alinikabidhi pamoja na ufunguo. Nililipenda gari lile kwa sababu ya jasho la mdogo wangu. Nadhani ndiyo maana nilichelewa kukubali kwamba lina kasoro.

Harufu ilikuwa na saa zake. Ilikuja alfajiri, mara tu nilipowasha gari, ikajaa ndani hata nikashusha vioo vyote na kumfunga mtoto shali shingoni, maana Julai ya Nairobi si mzaha na kipimajoto cha kwenye dashibodi kilikuwa kikionyesha nyuzi 11 au 12. Tulipokuwa tukiingia Jogoo Road ilikuwa imeanza kufifia, na nilipomfikisha shuleni haikuwepo tena. Mchana gari halikunuka. Jioni halikunuka. Nikilipeleka kwa fundi saa nne, fundi alifungua boneti, akainama, akanusa, akaniambia haoni kitu.

Nilipita kwa mafundi watatu kwa njia hiyo. Wa kwanza alibadilisha pete za mpira za injekta, zile zinazonyunyizia injini petroli. Wa pili aliniambia kwamba magari yaliyoongezewa nguvu huchoma petroli nyingi kuliko inavyohitajika, na kwamba ninachonusa ni moshi wa eksozi tu. Wa tatu alifanya kazi ya maana: aliinua kiti cha nyuma, akafungua kifuniko cha pampu juu ya tangi, akakuta gasketi yake imejikunja upande mmoja. Kweli kabisa, nilikuwa nimeona kwamba kila nilipojaza tangi hadi juu harufu ilizidi kwenye kiti cha nyuma, na baada ya gasketi mpya hilo lilikwisha. Nikashukuru, nikalipa, nikaamini kwamba mambo yamekwisha. Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi harufu ikawa pale pale, safari hii ikitokea mbele.

Ni jirani aliyenielekeza kwa fundi mmoja mzee kule Kariobangi Light Industries, mtu wa miaka zaidi ya sitini aliyekuwa na karakana ya mabati katikati ya wachomeleaji na wanyoosha bodi. Nilifika saa tano, baada ya kukaa muda mrefu katika msongamano wa Outering Road, ambayo siku zile ilikuwa ikipanuliwa. Hakufungua boneti. Aliniuliza maswali tu: inanuka saa ngapi, inadumu kwa muda gani, mvua ikinyesha inakuwaje, gari likiwa limelala nje na likiwa limelala ndani ya gereji kuna tofauti gani. Nilipomweleza habari ya sweta akatikisa kichwa.

"Mama, lisemwalo lipo," alisema. "Mtoto ameinusa na mwalimu ameinusa. Lakini kila unapotuletea gari hili, unatuletea likiwa limekwisha kupata moto. Wewe liache hapa lilale, halafu kesho uje kabla jua halijatoka."

"Mzee, nitakuja saa kumi na mbili kamili," nikamjibu.

Nilikuja na teksi. Kulikuwa na ukungu mwepesi, na kioo cha gari kilikuwa kimelowa umande. Mzee alikuwa amevaa koti zito la mvua juu ya ovaroli, na mkononi alikuwa na tochi ya betri na ukurasa mweupe aliouchana katika daftari la mwanawe. Kabla ya jambo lolote alivuka njia akaenda kwa kijana mchomeleaji aliyekuwa akitayarisha mashine yake, akamsalimu kwa heshima na kumwomba asiwashe mpaka atakapomwambia. Yule kijana alikubali bila maneno, akakaa juu ya ndoo na chai yake. Mzee alinieleza aliporudi kwamba mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, haupandi ukapotea kama watu wanavyofikiri, bali hushuka chini na kutambaa, na cheche ya ng'ambo ya njia inaweza kuukuta uko huko huko. Mafundi wengi niliowajua hawakuwa wakijisumbua hivyo, na kwangu mimi hapo ndipo imani yangu kwake ilipoanza.

Aliutelezesha ule ukurasa chini ya manifoldi ya kuingizia hewa, juu kabisa ya injini, pahali ambapo mkono wa mtu mzima hauingii sawasawa. Akaniambia nizungushe ufunguo hadi nusu tu, nisiwashe. Pampu ikanguruma nyuma kwa sekunde mbili, ikanyamaza. Akaniambia nirudie, na mara ya tatu akaniita nije nitazame.

Katika mwanga wa tochi niliona kipande kifupi cha mpira mweusi, urefu wa kidole cha shahada, kikiunganisha bomba la chuma na reli ya injekta, yaani bomba linalozigawia petroli. Kwenye ukingo wa klipu yake kulikuwa na unyevu uliong'aa kama jasho. Unyevu ule ulikusanyika taratibu hadi ukawa tone la ukubwa wa punje ya mtama, likatetemeka, likakatika, likaangukia ukurasa na kufanya doa la kijivu lililoanza kufifia nikiwa bado nalitazama. Kisha likaja la pili. Mzee hakusema neno. Alisogeza tochi kidogo upande wa kulia, kuelekea nyuma ya injini, akanionyesha mahali turbo ilipokaa, na umbali kati yake na lile tone haukuzidi viganja vyangu viwili. Turbo hiyo hupata joto kali sana gari likipanda mlima. Nilikumbuka ni mara ngapi nilikuwa nimepanda mwinuko na mtoto amelala nyuma, na magoti yakaniishia nguvu.

Alitoa fyuzi ya pampu, akawasha injini na kuiacha ingurume mpaka ikazima yenyewe kwa kukosa petroli, ili asikate mpira ukiwa bado na shinikizo, ndipo akafungua waya hasi wa betri. Kuitoa manifoldi kulichukua sehemu kubwa ya asubuhi. Chini yake kulikuwa na mipira mitatu: wa kupeleka petroli, wa kuirudisha, na wa mvuke wa tangi. Alipoukata ule wa kwanza aliukunja mbele yangu. Ulikuwa mgumu kama ganda la muwa uliokauka, na pale klipu ilipokuwa imebana, mashimo ya ule utepe wa chuma yalikuwa yameung'ata mpira na kuacha mistari iliyokatika. Ubavuni mwake bado paliweza kusomeka herufi zilizofifia: 30R7.

Hapo ndipo nilipoelewa yote. Mpira wa 30R7 umetengenezwa kwa magari ya kabureta, ambayo petroli yake husukumwa kwa pauni chache tu kwa kila inchi ya mraba, na mwisho wake ni pauni 50. Injini kama ile yangu huanza na takriban pauni 43 katika reli, na kila turbo inapoongeza pauni moja ya hewa, kidhibiti cha shinikizo huongeza pauni moja ya petroli. Katika daftari la mdogo wangu ilikuwa imeandikwa kwamba turbo imewekwa pauni 14. Jumla ni 57. Kila nilipokanyaga mafuta barabarani nilikuwa nikiupa mpira ule mzigo usio wake, nao ulichakaa kutoka ndani. Usiku wa baridi mpira ulinywea na kukakamaa, klipu isinywee pamoja nao, petroli ikapata mwanya. Injini ikipata moto mpira ukavimba tena na kuufunga mwanya wenyewe. Ndiyo maana kila fundi alikuta pakavu.

Mzee aliniandikia kwenye kipande cha boksi, "30R9, milimita 8", akaniagiza nisikubali kingine hata muuzaji akiapa. Nilikwenda Kirinyaga Road, mahali ambapo wengi wetu bado tunapaita Grogan, na katika duka la tatu niliwekewa mipira miwili kaunta, yote myeusi, yote ya unene mmoja, tofauti ikiwa ni herufi za ubavuni na bei iliyozidi mara tatu. Wa 30R9 hustahimili pauni 100. Nilinunua mita moja, pamoja na klipu za utepe laini usio na matundu, ambazo kingo zake zimekunjwa nje zisikate mpira, na gasketi mpya za manifoldi.

Gari lililala tena pale karakana, kwa sababu mzee alikataa kunirudishia kabla ya kulijaribu katika baridi ile ile. Alfajiri ya pili nilizungusha ufunguo mara tano, yeye akiwa ameshika tochi, na ule ukurasa ukatoka mweupe. Akaunusa, akanipa nami niunuse. Ulinuka karatasi.

Jioni hiyo nilimpigia mdogo wangu simu. Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema, "Dada, ninaukumbuka mpira ule. Nilifika Grogan wanafunga, nikachukua uliokuwepo, nikajiambia nitaubadilisha Jumatatu." Sauti yake ilikuwa imevunjika, nami sikutaka kumwongezea uchungu. Nilimwambia mtoto ni mzima na kwamba siku hizi tunakwenda shule vioo vikiwa vimefungwa. Hakuniuliza kuhusu injini hata mara moja. Aliuliza habari za mtoto tu.

Alikuja likizo mwezi wa Desemba. Siku ya pili baada ya kufika, kabla hata hajaenda kuwaona rafiki zake, alilipandisha gari juu ya stendi uani kwa wazazi, akaingia chini yake na tochi, akafuata njia ya petroli kutoka tangini hadi mbele, akinisomea kwa sauti herufi za ubavu wa kila mpira, nami nikiwa nimekaa kwenye kigoda nikiziandika moja moja katika daftari lake jeusi.