Stempu ya Euro 16

Jumanne yetu nzima ya Firenze iliharibiwa na stempu. Kikaratasi cha kubandika, kidogo, bei yake euro 16, na bila hicho hati ya mdogo wangu ilikuwa karatasi ya kufungia maandazi.

Mdogo wangu anaishi Munich. Mchumba wake ni Mjerumani aliyefanya kazi Moshi miaka minne, akarudi kwao na Kiswahili chenye lafudhi ya Kichaga na mazoea ya kuitikia "ee" kwa kuvuta. Walipotangaza kwamba ndoa itafungwa Italia, Firenze, mwezi wa tisa, wageni 14, sebule yetu ya Tabata ilinyamaza. Watu 14 kwetu ni kamati, harusi yenyewe bado. Na kamati tulikuwa nayo: mjomba ndiye mweka hazina, na kaunta buku lake lilishaanza kujaa ahadi za michango ya sherehe ya Dar pamoja na tiketi za wazee. Mama akasema haendi kumkabidhi mtoto katika ukumbi ambao hakuna mtu wa nyumbani aliyeuona kwa macho. Nikatumwa mimi, mwezi wa tano, siku sita. Ada ya viza tu, euro 90, ilikula kikao kizima.

Safari ya ndege sina la kuisimulia. Kutoka Roma treni ya kasi ilitumia saa moja na nusu, nikalala njia nzima. Nilichoamkia ni barabara za mawe. Begi langu nililolinunua Kariakoo lilipoteza gurudumu kabla hatujafika hotelini, maana magari hayaingii katikati ya mji bila kibali. Shemeji, aliyekuja na gari lake kutoka Munich, alishapita chini ya kamera mara mbili akidhani anafuata ramani. Faini, aliambiwa na mwenye hoteli, itamfuata kwao kwa posta baada ya miezi. Hakuonekana kushtuka sana. Wajerumani na barua za faini wanajuana.

Jioni ile ile tukatapeliwa, au tulijitapeli, mpaka leo hatujakubaliana. Kwenye orodha ya chakula palikuwa na nyama ya mfupa, ile maarufu ya mji huu, na pembeni namba 6. Tukaangaliana. Mhudumu akaileta mbichi kwenye sinia tuione, tukatikisa vichwa kama wakwe wanaoonyeshwa ng'ombe wa mahari. Ilikuwa tamu, hilo sina ubishi. Bili ilipokuja nyama peke yake ilikuwa euro 84, kwa sababu ile 6 ilikuwa bei ya gramu 100, na pande letu lilikuwa na kilo moja na gramu 400. Juu yake euro tatu tatu za kila kichwa kwa kukalia kiti na kugusa mkate. Na mkate wenyewe hauna chumvi! Sio kwamba walisahau. Mkate wa Toscana, mkoa wa mji huu, ndivyo ulivyo, karne kwa karne. Safari nzima nilikuwa nazidisha kila kitu kwa elfu tatu, na hapo nikapata laki mbili na nusu na ushee. Huyo ni mbuzi, pamoja na nauli ya kumleta.

Kesho yake tulipopita Ponte Vecchio, daraja la mwaka 1345 lenye maduka ya dhahabu pande zote mbili, shemeji akasoma kwenye simu yake kwamba zamani hapo walikaa wauza nyama, mpaka mtawala Ferdinando wa Kwanza alipowaondoa mwaka 1593 kwa sababu ya harufu, akawaweka masonara. Nikamwambia wale wauza nyama hawakwenda mbali. Pete hatukununua. Nilijaribu kupatana bei na muuzaji mmoja akanitazama kwa upole kama mtu anayemwangalia mgonjwa.

Ukumbi ni huu: Palazzo Vecchio, jengo lililoanza kujengwa mwaka 1299 na ambalo hadi leo ndiyo makao ya manispaa. Ndoa za kiserikali hufungwa katika chumba kinachoitwa Sala Rossa, chumba chekundu. Wengine huingia humo wakasifu taa na vioo. Mimi nilihesabu ngazi kwa ajili ya magoti ya mama na nikauliza choo kiko wapi. Kasoro niliiona nje. Mlangoni kabisa amesimama Daudi wa Michelangelo, jitu la jiwe, uchi wa mnyama. Ni nakala, iliwekwa mwaka 1910. Daudi wa asili alihamishwa mwaka 1873 akapelekwa ndani ya jumba la makumbusho. Lakini uchi wa nakala na uchi wa asili ni ule ule, na mama yangu ni mzee wa kanisa. Picha niliyotuma kwenye kundi la kamati niliikata kuanzia kiunoni kwenda juu. Mjomba akajibu, "Huyo ni Goliati?"

Sasa karatasi. Mgeni akitaka kuoa au kuolewa Italia, sheria yao ya kiraia, kifungu cha 116, inataka hati kutoka mamlaka za nchi yake kwamba hakuna kizuizi cha ndoa. Wao huiita nulla osta. Shemeji alikuwa na ya kwake: karatasi moja kutoka ofisi ya mji wake, imeandikwa kwa lugha kadhaa kwenye ukurasa mmoja. Kuipata kulimchukua miezi, lakini ikishatoka inapita popote Italia, kwa sababu nchi yake na Italia zote zimo katika mkataba wa mwaka 1980. Haihitaji muhuri wa pili. Ya mdogo wangu ilianzia cheti cha kuzaliwa cha RITA, wakala wa usajili wa Tanzania, ikapitia ubalozi wetu Roma, na ikifika mjini lazima ipelekwe ofisi ya serikali ithibitishwe kwamba saini iliyopo ni saini kweli. Watu wawili wanapendana sawasawa, meza moja, kalamu moja, lakini pasi ya mmoja inabeba mihuri mingi kuliko ya mwenzake. Mdogo wangu ameshazoea. Mimi sikuzoea, na nilisema kwa sauti, kwa bahati nzuri kwa Kiswahili.

Basi Jumanne tulipanga foleni tangu asubuhi. Kijana wa dirishani akaisoma hati, akaridhika na majina ya baba na mama, kisha akaonyesha kona tupu ya karatasi. Stempu iko wapi? Hatukuwa nayo. Haiuzwi hapo, inauzwa kwenye maduka ya sigara, yenye herufi T kubwa mlangoni. Tukakimbia. La kwanza lilikuwa na mashine mbovu. La pili limefungwa, mwenyewe amekwenda kula. La tatu nalo amekwenda kula. Saa saba mchana dirisha la ofisi likafungwa mpaka Alhamisi, na Alhamisi ndiyo ilikuwa siku yetu ya kuondoka. Usiku mmoja wa ziada hotelini, euro 130. Mdogo wangu akakaa kwenye ngazi za kanisa la San Lorenzo akasema labda wangefunga tu Munich. Shemeji akasema "ee", akanyamaza.

Mimi nikiwa na njaa siwezi kufariji mtu. Pembeni mwa soko palikuwa na kibanda cha chuma kinatoa mvuke, watu wamesimama wanakula mikate wakiinama ili mchuzi usiwadondokee. Nikachungulia sufuria. Nikapiga kelele, "Jamani, ni utumbo!"

Nyuma yangu mtu akacheka. "Si utumbo huo. Ni tumbo la ng'ombe, lile la nne. Kula, hutajuta."

Niligeuka nikamwona mama wa makamo, kilemba cha bluu, kapu la sokoni mkononi. Shikamoo ilinitoka kabla sijafikiri.

"Marahaba. Mwatoka wapi nyinyi? Dari Salama, sivyo? Sisi wa Malindi hatusemi 'jamani' kwa kila neno la tatu."

Akatuagizia mikate mitatu. Wanaiita lampredotto: tumbo limechemshwa na nyanya, vitunguu na seleri mpaka linalainika, linakatwakatwa, linawekewa mchuzi wa majani mabichi, na upande wa juu wa mkate unachovywa kwenye supu. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini mkate hauna chumvi. Tulikula kwa bei ambayo haingenunua hata mfupa wa ile nyama ya euro 84. Tukiwa bado tunajifuta midomo tulimsimulia habari yote, stempu mpaka Daudi.

Kitaliano chake, ndivyo asemavyo yeye, hakukijifunza Italia. Babake alipikia mafundi Wataliano wa San Marco, lile jukwaa la baharini karibu na Ngomeni lililorusha setilaiti mwaka 1967, na yeye alikua akiuza madafu kwa watalii ufukweni. "Malindi hata mbuzi asikia Kitaliano," alisema. Ameishi Firenze miaka 31, ameolewa, amefiwa na mume, ana wajukuu wasiojua kusema "chai".

Alitupeleka duka la sigara nyuma ya soko ambalo mwenyewe hafungi mchana kwa sababu amegombana na mkewe. Stempu tukaipata. Kisha akauliza swali ambalo sisi wapangaji tulikuwa tunalikwepa: mkalimani ni nani? Kwa kuwa maharusi wakiwa hawajui Kiitaliano, ndoa haifungwi bila mkalimani. Kampuni moja ya mipango ya harusi ilitaka euro 350 kwa mkalimani wa Kijerumani wa nusu saa. Manispaa walituambia inatosha awe mtu mzima anayezijua lugha zote mbili, aape mbele ya afisa, na asiwe mmoja wa mashahidi.

"Basi mimi," alisema. "Kwa Kiswahili. Mamenu ataelewa, bwana harusi aelewa, na wazazi wake atawanong'oneza yeye mwenyewe."

Tukamuuliza malipo. Akasema tumletee leso mbili mpya, za rangi nyekundu. Mdogo wangu, aliyehama kitambo, alianza kutafuta neno la Kijerumani la kitambaa cha kufutia jasho, nikamkanyaga mguu. Leso za pwani ya Kenya ndizo kanga zetu.

Siku ile tuliyoilipia euro 130 tuliitumia jikoni kwake. Afisa akishavaa ule mkanda wa kijani, nyeupe na nyekundu, lazima awasomee maharusi vifungu vya sheria, cha 143, cha 144 na cha 147, na mama wa Malindi alitaka avifanyie mazoezi. Uaminifu ulimpita bila shida. Kusaidiana kwa hali na mali, akalipenda. Kukaa nyumba moja, akamtazama shemeji. Kisha akafika pale sheria inaposema kwamba wote wawili, kila mmoja kwa kadiri ya mali yake na uwezo wake wa kazi, iwe ya kuajiriwa au ya nyumbani, wanawajibika... akakwama. Akalirudia neno kwa Kitaliano mara tatu, contribuire, akilionja.

"Kuchangia," nilisema.

"Kuchangia mahitaji ya familia," akaandika kwa kalamu ya wino nyuma ya bahasha.

Nilimrekodi akisoma kifungu chote, nikatuma Tabata. Kamati ilikuwa kikaoni. Mama alijibu kwa sauti, nyuma yake mjomba anasikika akifungua kaunta buku, akitaka kujua jina la huyo mama liandikwe vipi, na katika safu ya kiasi aweke nini.