Siku Moja Maishani Mwangu: Fundi wa Leza Chini ya Ndege ya Kivita

Saa kumi alfajiri simu yangu hulia, na mara nyingi anayepiga ni mama kutoka Tanga, ambako wakati huo wa kiangazi cha huku ni saa nane mchana. Huniuliza kama leo tena nakwenda kwenye "mizinga ya mwanga", kwani ndivyo alivyoelewa kazi yangu, na si yeye peke yake. Mimi ni fundi wa vifaa vya majaribio katika kituo kimoja cha ndege kwenye jangwa la Mojave, California. Leza tunayoijaribu haichomi kitu angani. Hupima umbali na kuonyesha shabaha, ikiwa ndani ya podi, yaani chombo kirefu cha mviringo kinachoning'inizwa chini ya ndege ya kivita. Wanaonisikia hukumbuka ile Boeing 747 ya Marekani ambayo tarehe 11 Februari 2010 iliteketeza kombora kwa leza lilipokuwa likiruka karibu na pwani ya California. Mradi ule ulifutwa mwaka 2011, lakini picha yake imebaki vichwani mwa watu.

Saa kumi na moja na nusu huwa nimefika, nimehesabu zana zangu zote na kutia saini kwenye daftari. Bisibisi moja ikisahauliwa ndani ya ndege, rubani hana pa kujificha.

Saa kumi na mbili kamili ni kikao cha kabla ya kuruka. Tunapitia kadi za majaribio moja baada ya nyingine: mwinuko, kasi, pembe, na sekunde ambazo leza itawaka. Kisha afisa wa usalama wa leza husimama, nami humsikiliza kama vile sijapata kumsikia. Miale yetu ina urefu wa wimbi wa nanomita 1064, na jicho la mwanadamu haliioni. Hata hivyo lenzi ya jicho huipitisha na kuikusanya kwenye retina, yaani sehemu ya nyuma ya jicho inayopokea mwanga, ambayo haina hisia ya maumivu, hivyo mtu anaweza kuunguzwa macho asijue hadi aone doa jeusi katikati ya kila anachokitazama. Ndiyo maana ndege ina swichi kwenye miguu ya magurudumu inayoizuia leza isiwake maadamu ndege imekaa ardhini.

Jana ndege ilipangiwa kuruka saa tatu asubuhi. Saa moja na nusu nilipiga magoti chini yake, nikamulika kioo cha podi kwa tochi nikiwa nimeiinamisha pembeni, na hapo nikaona doa. Lilikuwa dogo kuliko mbegu ya ufuta. Mhandisi mgeni aliyeletwa na watengenezaji aliinama, akatazama, akasema, "Hilo ni vumbi tu, fundi. Futa twende." Nilifuta kama inavyotakiwa, kwa karatasi laini ya lenzi iliyoloweshwa spiriti, mkupuo mmoja wa upande mmoja, kisha karatasi ikatupwa na nyingine ikachukuliwa. Nilirudia mara tatu. Doa halikutoka. Nilipolikuza kwa lenzi ya mkononi niliona kingo zake zimejikunja kama rangi ya mlango uliopigwa na jua. Halikuwa vumbi. Ulikuwa ni utando mwembamba uliopakwa juu ya kioo, nao ulikuwa umeungua.

Yule mgeni alianza kuhesabu kwa sauti muda tuliopangiwa kutumia uwanja wa shabaha, yaani eneo la majaribio, tuliokuwa tukiupoteza, na akarudia mara kadhaa kwamba kioo kile kingestahimili safari moja zaidi. Nilimwelewa, kwa sababu muda ule ulikuwa umeombwa wiki nyingi kabla. Lakini palipoungua hunyonya nishati ya leza badala ya kuipitisha, joto hupanda mahali pamoja, na kioo chaweza kupasuka kikiwa kwenye baridi ya mita 11,000, ambako hewa hukaribia nyuzi 56 chini ya sifuri. Niliandika kasoro kwenye fomu nikatia jina langu. Kuanzia hapo hakuna mkubwa wala mdogo angeweza kuirusha ndege ile na podi ile.

Kubadilisha kioo si kazi kubwa. Kazi ni ile inayofuata. Hewa ya ndani lazima ifukuzwe kwa naitrojeni kavu, la sivyo unyevu utaganda kwenye lenzi kule juu. Halafu leza na kamera lazima zilinganishwe upya hadi zilenge nukta moja, maana mkengeuko wa mikroradiani 100, kipimo cha pembe ndogo sana, ukifika umbali wa kilomita 10 unakuwa mita 1 nzima. Ili kulinganisha tukiwa chini tunalazimika kuikwepa ile swichi ya magurudumu, kwa hiyo banda linafungwa, taa nyekundu inawashwa, na kila mtu anavaa miwani ya kinga. Jasho linaingia ndani ya miwani, nayo huruhusiwi kuivua. Tulilinganisha, tukapima, tukakuta imehama, tukalegeza skrubu, tukaanza tena. Sikumbuki nilikula saa ngapi. Nakumbuka shingo ilivyokuwa ikiniuma, na yule mgeni, ambaye sasa alikuwa amenyamaza na kunishikia tochi bila kuombwa.

Ndege iliruka alasiri, joto likiwa limepita nyuzi 40. Katika chumba cha udhibiti hakukuwa na cha kutazama ila namba zikipita kwenye skrini na sauti ya rubani akisoma hatua kabla ya leza kuwaka na baada ya kuzimika. Kati ya nukta sita za majaribio, yaani vipimo tulivyopanga kuchukua angani, tulipata mbili, kwani muda wa uwanja ulikwisha. Hizo mbili zilikuwa safi, na umbali uliopimwa ulilingana na ule wa rada ya ardhini. Nilitamani kumpigia mama nimweleze, lakini Tanga ilikuwa usiku wa manane.

Jua lilikuwa linazama ndege iliporudi. Nilipiga magoti tena palepale pa asubuhi, nikainamisha tochi, nikakitazama kioo kipya inchi kwa inchi. Kilikuwa na mabaki ya mdudu mmoja aliyegongwa wakati wa kutua. Nilimfuta kwa mkupuo mmoja, nikavalisha kifuniko, nikahesabu zana zangu.