Kumbukumbu ya mradi: kuiandika upya d20 Modern, sura za risasi na fedha

Rasimu ya toleo jipya la d20 Modern ninaloliandaa kwa ajili ya kundi letu imefika mahali ambapo sura mbili, ile ya madhara ya silaha na ile ya fedha, zinaweza kuchezwa bila msimamizi, yaani anayeuendesha mchezo, kulazimika kukifungua kitabu cha awali. Kwa wasioufahamu, huu ni mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika uliotolewa na Wizards of the Coast mwaka 2002. Unatumia kanuni za dadu ya pande 20 zilizotokana na Dungeons & Dragons, mchezo wa mashujaa wa panga na uchawi, ila hapa wahusika wanaishi katika dunia ya leo, yenye bastola, magari na kompyuta. Tatizo ni kwamba "leo" hiyo imekwisha kuwa jana, na kwamba ndani ya koti la mpelelezi bado amejificha yule shujaa wa upanga anayeweza kuchapwa mara nyingi asianguke.

Nimeanza na risasi kwa sababu hapo ndipo hisia za mchezo zinapoharibika haraka zaidi. Bastola ya kawaida hutoa madhara ya dadu 2 za pande 6, yaani wastani wa 7. Mhusika wa aina ya Mgumu aliyefika ngazi ya 5 akiwa na Siha (alama ya uimara wa mwili) ya 14 huwa na pointi za uhai zipatazo 42, kwa hiyo atastahimili risasi tano akiwa bado wima. Waandishi waliliona jambo hilo, wakaweka kanuni ya madhara makubwa: pigo moja likifikia au kuzidi alama ya Siha ya mhusika, hana budi kurusha dadu ya kujinusuru yenye ugumu wa 15, yaani jumla ifike angalau 15, na akishindwa huanguka akiwa mahututi. Wazo ni zuri, lakini hesabu inalisaliti. Dadu 2 za pande 6 haziwezi kuzidi 12, hivyo mtu yeyote mwenye Siha ya 13 au zaidi haguswi kabisa na kanuni hiyo anapopigwa risasi ya bastola, isipokuwa mrushaji apate pigo la kipekee linalorudufu madhara au awe na nyongeza kutoka kwingine. Wachezaji wetu waliligundua hili mapema, na tangu hapo hakuna aliyejificha nyuma ya meza.

Katika rasimu, kizingiti cha madhara makubwa kimekuwa 10 kwa kila mtu, na ugumu wa kujinusuru ni 10 kujumlisha nusu ya madhara. Siha bado ina kazi, maana ndiyo inayoongeza nafasi ya kujinusuru. Fulana ya kuzuia risasi, ambayo katika kitabu cha awali humfanya mvaaji awe mgumu kupigwa (jambo ambalo sijawahi kulielewa), sasa inapandisha kizingiti chake kwa pointi 4. Bunduki kama AKM, inayotoa dadu 2 za pande 8, hufikia au kuvuka kizingiti cha 10 katika nafasi 28 kati ya 64; mvaaji wa fulana anabakiwa na hatari ya nafasi 6 tu kati ya 64. Tofauti hiyo inamfanya mchezaji ajiulize kama yuko tayari kuingia hotelini amevaa kitu ambacho mlinzi wa mlangoni atakiona.

Sura ya fedha imenichukua muda mrefu zaidi. Kitabu cha awali hakihesabu dola. Kila mhusika ana kiwango cha Utajiri, na kila bidhaa ina ugumu wa kununuliwa. Bidhaa ambayo ugumu wake hauzidi kiwango chako unaichukua bila kurusha dadu. Inayokizidi inakupunguzia pointi 1, ikizidi kwa 11 hadi 15 inakupunguzia dadu 1 ya pande 6, na zaidi ya hapo dadu 2. Isitoshe, kila bidhaa yenye ugumu wa 15 au zaidi inakula pointi 1 nyingine. Maana yake ni kwamba mwenye Utajiri wa 14 anaweza kununua bidhaa zenye ugumu wa 14 mchana kutwa bila kupungukiwa na kitu, ilhali akigusa yenye ugumu wa 15 anapoteza pointi 2. Tena Utajiri hukua mhusika anapopanda ngazi, kana kwamba mshahara hulipwa kwa kupigana.

Ninaamini kosa la msingi ni kudhani kwamba kila mtu ana kadi ya mkopo na benki iliyo tayari kumwamini. Kampeni yetu inafanyika Mombasa, ambako mtu anaweza kuwa na shamba na asiwe na nauli. Kwa hiyo nimeugawa Utajiri katika mafungu matatu: taslimu, akiba na deni. Taslimu hujazwa kila mwisho wa mwezi wa mchezo kulingana na kazi ya mhusika. Akiba huchukua siku kadhaa kugeuzwa kuwa taslimu. Deni halina kikomo cha kanuni, lakini kila pointi yake ina jina la mtu anayekudai, na mtu huyo huigizwa na msimamizi. Malipo ya simu yana kipengele chake. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, miaka mitano baada ya kitabu kutoka, na kwa mchezo wa upelelezi huduma ya namna hiyo ni hazina, kwa kuwa kila muamala una namba, saa na laini iliyosajiliwa. Anayelipa kwa simu analipa upesi na kuacha nyayo. Anayetaka kufichika abebe noti.

Simu zimenilazimisha kugusa pia stadi za kutafuta habari. Zamani utafiti mmoja ulichukua saa 1 hadi 4, na orodha ya vifaa ilitenganisha kamera, modemu na kompyuta ya kiganjani. Sasa jibu linapatikana kwa dakika, kwa hiyo msimamizi anarusha dadu kwa siri, na aliyeshindwa anapewa taarifa iliyochanganyika na uongo.

Aina sita za msingi za wahusika sijazigusa, ila daktari au askari anaweza kuanza na kazi yake tangu ngazi ya 1 badala ya kungoja ya 4. Uchawi nimeuondoa wote.

Kuhusu haki, kanuni za msingi zilitolewa chini ya OGL (Open Game License, leseni huria ya michezo), hivyo naruhusiwa kuzibadili na kuzigawa, mradi niambatishe leseni na nisitumie jina la d20 Modern kwenye jalada. Jina jipya bado sijalipata.

Kazi inayofuata ni kumimina risasi kwa mfululizo. Kwa sasa kila aliyemo katika mraba wa futi 10 hujinusuru kwa ugumu wa 15, awe amelengwa na komando au na mlevi. Ninajaribu 10 kujumlisha ustadi wa mrushaji, na Jumamosi tutaipima kanuni hiyo katika pambano la bandarini lenye makontena mengi na njia moja tu ya kutokea.