Bwana Mzito

Nina santuri ndogo 214 kwenye rafu, zile za inchi saba, na kila mgeni anayeziona huuliza ipi ni ya thamani kuliko zote. Humtolea moja iliyokwaruzika pande zote mbili, jalada lake la karatasi limegandishwa kwa gundi mara mbili, na kwenye lebo kuna jina la mtu limeandikwa kwa kalamu ya wino. Mgeni anayejua mambo hunitazama akidhani namfanyia mzaha. Kwa wakusanyaji, jina juu ya lebo ni kasoro, na mikwaruzo ya namna ile inatosha kuitupa santuri kapuni.

Jina lile ni la mama mdogo. Aliandika jina lake kwenye santuri zake zote, maana zilikuwa zikiazimwa kwa ajili ya sherehe na hazirudi. Alifariki kabla sijaanza kushika mambo. Kwetu kilikuja kisanduku chake chenye santuri 23, pamoja na gramafoni ya umeme, ya zile zinazofungwa kama sanduku la safari, spika ikiwa ndani ya kifuniko.

Gramafoni ile ilikuwa na matatizo mawili, na sisi watoto hatukujua hata moja.

La kwanza lilikuwa tundu. Santuri hizi ndogo zina tundu kubwa katikati, karibu milimita 38, na watu wengi hudhani ni pambo tu. Ni matokeo ya ugomvi wa kampuni. Mwaka 1948 Columbia walileta santuri kubwa ya mizunguko 33 na theluthi kwa dakika, yenye kijitundu chembamba. Mwaka uliofuata RCA Victor wakajibu kwa santuri ndogo ya mizunguko 45, wakaipa tundu kubwa ili mashine yao iweze kubeba rundo zima kwenye nguzo nene na kuziangusha moja baada ya nyingine. Hakuna aliyeshinda. Walichotuachia ni mashine za nyumbani zenye kinguzo chembamba na swichi ya kasi, na wewe mwenyewe utafute kipande cha plastiki cha kuziba tundu. Chetu kilikuwa kimepotea. Dada yangu mkubwa alikata kadibodi ya duara, kwa kukisia, akaitoboa katikati kwa msumari. Isipokuwa haikuwa katikati.

Tatizo la pili: swichi ya kasi ilikuwa imekufa. Ungeisukuma kwenye 16, kwenye 45, hata kwenye 78, sahani ilizunguka kwa kasi ileile ya 33.

Kwa hiyo nyimbo zote za mama mdogo nilizijua zikiwa zimechelewa, tena zikiyumba. Na nyimbo zenyewe zilikuwa za lugha tusiyoielewa, kwa hiyo hata maneno hayakutushtua. Tarumbeta zililia kama honi ya meli. Ngoma zilipigwa na mtu aliyekuwa akifikiri kabla ya kila pigo. Na kulikuwa na wimbo mmoja, ule wa santuri iliyogandishwa jalada, ulioimbwa na mwanamume wa sauti nene sana. Tulimwita Bwana Mzito. Sauti yake ilipanda kidogo, ikashuka kidogo, ikapanda tena, kama ya mtu anayejizuia kulia. Mimi na dada tulishakubaliana kwamba amefiwa na mkewe. Nilimwona kabisa: ameketi ukingoni mwa kitanda, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi, hana haja ya kukivaa.

Mama alimpenda. Baadhi ya jioni aliutoa wimbo ule, akauweka, akakaa, mikono mapajani. Hakuimba wala kutikisa mguu. Ukiisha alinyanyua mkono wa sindano, akafunga sanduku, akaendelea na shughuli zake.

Nilikuwa na miaka tisa mjomba alipokuja kukaa nasi siku chache. Alikuwa mtu wa mafundifundi, hawezi kuona mlango unaolia akaacha. Jioni ya pili Mama akaweka Bwana Mzito. Mjomba alikuwa anasoma gazeti. Alilishusha taratibu.

"Dada, hiki ni nini?"

"Si unasikia?"

"Ninachosikia ni mashine inakata roho."

Alizima, akapindua gramafoni juu ya meza, akaomba bisibisi. Mama hakusema lolote, ila hakuinuka kumletea. Nilimletea mimi, na hadi leo nalikumbuka hilo kama kosa langu.

Ndani kulikuwa na vumbi la kutosha kujaza kikombe. Mjomba aliniita nione. Mhimili wa mota ulikuwa na ngazi ngazi, nyembamba juu na nene chini, na pembeni yake kigurudumu cha mpira kinachougusa mhimili huku kikisukuma ukingo wa sahani. Kikigusa ngazi nene, sahani inakimbia. Kikigusa nyembamba, inatembea. Kazi ya swichi ni kukipandisha na kukishusha hicho kigurudumu. Waya mwembamba uliounganisha swichi na kigurudumu ulikuwa umekatika. Mjomba alinyoosha klipu ya karatasi kwa meno, akaikunja upya, akaipachika. Akasugua mpira kwa kitambaa chenye spiriti mpaka kikawa cheusi. Kisha akaiona kadibodi ya dada, akacheka, akaenda kupekua mkoba wake, akarudi na kipande cha plastiki ya njano chenye mikono mitatu iliyopinda. Kikaingia tundu kwa mlio mdogo, tak.

Akaweka sindano.

Alikuwa msichana.

Sijui nieleze vipi mshtuko ule. Msichana, tena mwenye furaha, anaimba kama aliyemaliza mitihani. Tarumbeta zikawa tarumbeta. Ngoma zikakimbia. Nilimtazama Mama nikitegemea ashtuke kama mimi, nikamwona amesimama, kiganja mdomoni, na mara anaimba. Maneno yote, bila kukosea hata silabi moja, maneno asiyoyaelewa. Mjomba akamshika mkono. Wakacheza pale kati ya meza na ukuta, watu wazima wawili wakigongana viwiko, na mjomba anasema, "Hapa! Hapa alikuwa anageuka hivi!" Anageuka, anakanyaga kiti, wanacheka mpaka wanafutana machozi.

"Bwana Mzito yuko wapi?" nikauliza. Hakuna aliyenisikia.

Walipiga santuri zote 23, upande A na upande B. Kila moja ilikuwa mazishi kwangu. Mpiga tarumbeta wa meli alikuwa mpiga tarumbeta tu. Yule mzee wa wimbo wa saba alikuwa kijana. Dada alinisaliti katikati ya kisanduku, akaenda kucheza nao. Nikaingia chini ya meza, nikalala huko kwa hasira.

Mama ndiye aliyenitoa, usiku. Aliketi sakafuni kando yangu.

"Ulijua kama ni msichana?" nikamwuliza.

"Nilijua. Si tuliinunua pamoja."

"Mbona hukutengeneza?"

Alikaa kimya kitambo.

"Ikienda sawasawa, namwona mdogo wangu anacheza," akasema. "Ikienda polepole simwoni."

Mjomba alipoondoka, swichi ilibaki kwenye 45. Mama aliendelea kupiga santuri zile, ila si jioni, na si akiwa peke yake.

Mimi ukusanyaji wangu ulianza kwa kutafuta nakala safi ya wimbo ule. Ilinichukua miaka. Niliipata kwenye boksi la mitumba, kati ya santuri zilizotobolewa kwa ajili ya zile mashine za muziki za kutumbukiza sarafu. Nililinganisha hata namba iliyochorwa kwenye ile sehemu laini karibu na lebo, mahali mifuo inapokwisha, kuhakikisha imetoka kwenye kalibu ileile. Lebo inasema dakika 2 na sekunde 40. Kwa mizunguko 33 unafika dakika 3 na sekunde 36. Niliupiga kwanza kwa kasi yake. Ni wimbo mzuri, si wa ajabu. Kisha nikateremsha swichi.

Bwana Mzito alirudi, lakini alikuwa mkavu kabisa, sauti imenyooka, hana msiba wowote. Ilinichukua siku mbili kuelewa: kulia kwake kulitokana na ile kadibodi. Santuri isiyokaa katikati huyumba, sindano ikifuata myumbo huo, na sauti hupanda na kushuka kila mzunguko. Dada alikosea kwa milimita chache, tukapata mjane.

Kadibodi yenyewe ilitupwa siku ileile ya mjomba. Nimeshakata zaidi ya kumi. Nyingine zinamfanya alewe, nyingine hazimgusi kabisa. Nilimwambia Mama kwenye simu kwamba ya mwisho imekaribia sana, pengine imezidi nusu milimita tu.

"Hebu muache mwanaume wa watu avae viatu vyake," akasema.

Sikumbuki kama niliwahi kumweleza habari ya viatu.