Nilivyomtafutia mama tafsiri ya Kurani

"Mwanangu, hii sura ya Yasini naisoma tangu niko chuo cha Kurani. Kwani inasema nini hasa?"

Mama aliniuliza hivyo usiku mmoja hapa Tanga, tumetoka kwenye hitima, kisomo cha kumwombea marehemu, kwa jirani. Alikhitimu, yaani aliimaliza Kurani yote kwa Kiarabu, akiwa msichana mdogo, na Yasini anaisoma kwa moyo mwanzo hadi mwisho. Nikajibu juu juu, nikaona aibu. Macho yake yana mtoto wa jicho, kwa hiyo nikamwahidi kwamba nitatafuta tafsiri nzuri na kumsomea mwenyewe, kila siku kidogo baada ya magharibi.

Nilianzia kwenye simu. Programu ya kwanza niliyopakua haikuwa na jina la mfasiri popote, na aya nyingine zilikatika katikati ya sentensi. Nikaifuta. Kurani yenyewe ni maneno ya Mwenyezi Mungu, lakini Kiswahili chake ni kazi ya mwanadamu, mwenye madhehebu yake na makusudio yake. Nikaweka sharti: nisipojua aliyefasiri, simsomei mama.

Baba mdogo akanipa kitabu kikuukuu kutoka kabatini kwake. Nikafungua Yasini, nikashangaa: aya zinafika 84, na msahafu wetu unaishia 83. Nilidhani ni kosa la uchapaji. Kumbe ni tafsiri ya Sheikh Mubarak Ahmad Ahmadi wa jumuiya ya Ahmadiya, iliyotoka Nairobi mwaka 1953, na wao huhesabu bismillahi kuwa aya ya kwanza ya sura. Ndiyo maana Ayatul Kursi, tunayoijua kuwa Bakara 255, kwao ni 256. Hilo la namba ni dogo. Kubwa liko Suratul Ahzab aya ya 40, kwenye neno khatam, yaani muhuri wa manabii, ambalo wao hulielewa tofauti na sisi tunaoamini kwamba hakuna nabii baada ya Mtume Muhammad. Nikakirudisha kwa heshima. Tangu siku hiyo, nikishika tafsiri nisiyoijua, nafungua aya hiyo kwanza. Kisha Suratul Maida aya ya 6, ya udhu, nione miguu inaoshwa, kama kwa Sunni, au inapakwa maji tu, kama kwa Shia. Aya mbili hizo zinakuonyesha upesi mfasiri amesimama wapi.

Ustadhi wa madrasa yetu alinieleza kwamba tafsiri ya kwanza kamili kwa Kiswahili ilifanywa na padri, Godfrey Dale, aliyekuwa misheni Zanzibar, mwaka 1923. Hiyo sikuitafuta. Alinishauri nichague kati ya mbili: ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy, iliyokamilika mwaka 1969, na ya Sheikh Ali Muhsin Barwani, iliyotoka mwaka 1995, inayofuata Al-Muntakhab, tafsiri ya Kiarabu ya wanazuoni wa Misri. Wote wawili Wazanzibari, wote wawili waliihama nchi yao.

Nilipokwenda Dar es Salaam nikaingia duka la vitabu vya dini Kariakoo. Mwenye duka akaniachia benchi na vitabu vyote viwili, nikakaa mpaka adhuhuri. Kwa macho yangu nilimpenda Sheikh Farsy. Maelezo yake chini ya ukurasa ni darasa zima: aya ilishuka kwa sababu gani, neno lina maana gani, nani anajibiwa. Nikamnunua, nikarudi Tanga nimefurahi.

Usiku wa kwanza nikaanza kumsomea mama. Sheikh huongeza maneno ndani ya aya, ameyatia kwenye mabano ili msomaji aelewe. Kwa jicho unayaona mabano. Sikio haliyaoni. Mama akanisimamisha: "Ngoja. Hilo kasema Mwenyezi Mungu, au sheikh?" Nikamwambia ni sheikh. Baada ya aya tatu akauliza tena, kisha tena, na alikuwa na haki. Mimi niliyepiga hesabu ya madhehebu na maelezo, sikuwa nimefikiria kwamba yeye atasikiliza tu.

Nikaagiza ya Sheikh Barwani. Aya zake zinatiririka, mabano ni machache. Tulipofika pale mwezi unapopungua ukawa kama karara kongwe, mama akacheka kwa furaha, akakunja kidole hewani kuonyesha karara la mnazi lililokauka. Binti yangu, aliyekulia Dodoma, hakujua karara ni nini. Kesho yake bibi akamtuma shambani alilete.

Sasa tunazo zote mbili. Ya Sheikh Farsy naisoma peke yangu alfajiri, kwa ajili ya maelezo, na mama akiuliza swali zito humo ndimo ninamotafuta jibu. Ya Sheikh Barwani ni ya magharibi. Kwa kuwa zina Kiarabu pembeni, natia udhu kabla ya kuzishika. Yeye husoma aya kwa Kiarabu kutoka moyoni, nami nafuatia kwa Kiswahili.

Tulipofika kwa yule mtu aliyekuja mbio kutoka mwisho wa mji, akiwasihi watu wake wawafuate mitume, kisha akaambiwa aingie Peponi, akasema laiti watu wake wangejua, mama alinyamaza kitambo. Yasini hiyo ndiyo aliyomsomea marehemu baba.

"Rudia hapo," akasema. Nikarudia.

"Yeye yuko Peponi, na bado anawafikiria wao?"

"Ndiyo, mama."

Akaomba nirudie mara ya tatu.