Nyimbo za Krismasi zilizotoka kwingine

Jioni hii nimepanga upya nyimbo za Krismasi ninazozirudia kila msimu, na baada ya kuziondoa zile zinazonichosha kabla Desemba haijafika katikati, nimebaki na chache ambazo kwa sehemu kubwa hazikutungwa kwa ajili ya Krismasi. Sidhani kama hilo limetokea kwa bahati tu. Wimbo uliotungwa makusudi ili uuzwe wakati wa sikukuu hukuamuru ufurahi tangu mstari wa kwanza, ilhali ule uliohamia kutoka kwingine huja na shughuli zake, na msikilizaji huachiwa nafasi ya kuwa na hali aliyo nayo.

Unaotangulia kwangu ni “Shchedryk”, ambao wengi wanaufahamu kwa jina la “Carol of the Bells”. Mykola Leontovych, mtunzi wa Ukraine, aliujenga juu ya wimbo wa kienyeji wa kukaribisha mwaka mpya, na kwaya ikauimba hadharani mjini Kyiv mwaka 1916. Maneno yake ya asili hayana kengele hata moja: mbayuwayu anaruka hadi nyumbani kwa mtu na kumwita atoke akaone kondoo wake waliozaa. Kengele zililetwa na Mmarekani Peter Wilhousky alipouandikia maneno ya Kiingereza mwaka 1936. Ninachokisubiri mimi ni zile noti nne zinazozunguka tangu mwanzo, sauti za juu zikizirudia bila kuchoka huku sauti nyingine zikiingia chini yake moja baada ya nyingine, hata noti zilezile, ambazo hazijabadilika, zikaanza kusikika kana kwamba zimekuwa nyingine. Spika ndogo ya simu huzimeza sauti hizo za chini, kwa hiyo huu nausikiliza kwa vipokea sauti vya masikioni au siusikilizi kabisa. Matoleo yenye ngoma kubwa na magitaa ya umeme nayaruka, kwa kuwa yanakimbilia kishindo ambacho Leontovych alikijenga kwa subira.

“Hark! The Herald Angels Sing” una safari ya ajabu zaidi. Maneno ni ya Charles Wesley, yaliyochapishwa mwaka 1739, lakini muziki ni wa Mendelssohn, aliyeutunga mwaka 1840 kwa sherehe za kumuenzi Gutenberg na uvumbuzi wake wa uchapaji. Mtunzi mwenyewe aliona kwamba muziki ule usingefaa kwa maneno ya dini. Mwaka 1855 Mwingereza William Cummings akaviunganisha vitu hivyo viwili, na kwa kuwa Wesley na Mendelssohn walikuwa wamekwisha kufariki dunia, hakuna aliyebaki wa kumzuia. Nashukuru. Nao “Joy to the World” wa Isaac Watts, wa mwaka 1719, umetokana na Zaburi ya 98, na humo hamna hori, wachungaji wala nyota. Ungeweza kuimbwa Juni bila mtu kushangaa, ingawa mimi naungoja Desemba kwa ukaidi tu. “Jingle Bells” wa James Pierpont, wa mwaka 1857, hauitaji Krismasi popote, na kwangu unatosha kusikika mara moja kwa msimu.

Kuna wimbo mmoja unaopinga hoja yangu yote, nao ni “Usiku Mtakatifu”. Huu ulizaliwa mkesha wenyewe: tarehe 24 Desemba 1818, katika kanisa la Oberndorf nchini Austria, padri Joseph Mohr, aliyekuwa ameandika maneno miaka miwili kabla, aliuimba pamoja na Franz Xaver Gruber, aliyetunga muziki, wakisindikizwa na gitaa. Mdundo wake ni wa kubembeleza mtoto, unaoyumba taratibu, na ndiyo maana sipendi waimbaji wanaouburuta hadi kila neno likawa mzigo, wala okestra zinazoufunika kwa tarumbeta. Natafuta rekodi zenye sauti mbili na gitaa, nazo si nyingi.

Kwa upande wa nyimbo za redio nimebakiza “White Christmas” wa Irving Berlin, kama alivyouimba Bing Crosby. Toleo linalosikika sana si lile la mwaka 1942; bamba la awali lilichakaa kwa kutumiwa kutolea nakala, ikabidi Crosby arudi studio mwaka 1947 na kuuimba tena kwa kufuata ule wa kwanza kadiri ilivyowezekana. Ni wimbo wa mtu anayeiota Krismasi ambayo hanayo, nao hauoni haja ya kumfariji. Nimeuweka baada ya “Joy to the World”, jambo ambalo huenda likawakera wanaopenda orodha yenye mwendo mmoja, lakini shangwe ile ikifuatwa na shangwe nyingine mimi huacha kusikiliza.