Waziri akishajibu

Alhamisi, usiku

Nikifungua Hansard, kumbukumbu rasmi za yanayosemwa bungeni, siku hizi, jibu la kwanza la waziri nalipitisha macho tu. Najua limetoka wapi. Swali la msingi hupelekwa mapema. Kwa Lok Sabha, baraza la chini la Bunge la India, notisi ni siku 15 angalau, na muda huo unaitosha wizara yoyote: wataalamu wanaandika, wakubwa wanapitia, waziri anasimama na kusoma. Sioni ubaya wowote hapo. Anayetaka takwimu sahihi lazima ampe mtu nafasi ya kuzitafuta.

Ninachokisubiri ni swali la nyongeza, lile linaloulizwa papo hapo baada ya jibu. Hapo karatasi imekwisha. Waziri amebaki na anachokijua mwenyewe kuhusu wizara yake, na mbunge naye amebaki na alichokisikia dakika moja iliyopita. Kama alisikiliza kweli, ataligusa lile neno ambalo jibu limelizunguka. Kama hakusikiliza, atasoma swali jingine alilokuja nalo mfukoni, na nafasi imepotea. Nimekuwa nikifuatilia jambo hili kwa muda mrefu, na naamini kabisa kwamba mabunge mengi hayana upungufu wa maswali. Upungufu uko kwenye kurudi. Mbunge anauliza, waziri anajibu, Spika anaita swali linalofuata, na lile jibu linaachwa lilivyo, halina mwenyewe.

Uwezo wa kuuliza ni wa zamani. Swali la kwanza kwa serikali kuandikwa katika kumbukumbu za Bunge la Uingereza lilitolewa katika Nyumba ya Malodi, baraza la juu la bunge hilo, mwaka 1721. Lodi Cowper alitaka kujua kama ni kweli kwamba Robert Knight, mweka hazina wa Kampuni ya South Sea aliyekuwa ametoroka, amekamatwa Brussels. Bei ya hisa za kampuni ile ilikuwa imeanguka na akiba za watu wengi zikaenda nayo. Kwa hiyo tangu mwanzo swali lilihusu fedha za watu na nani awajibike. Leo haki hiyo imo katika katiba. Ile ya Tanzania, ibara ya 63, inalipatia Bunge mamlaka ya kumuuliza waziri yeyote swali lolote kuhusu mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake. Kenya, ambako Katiba ya 2010 iliwaondoa mawaziri kwenye viti vya ubunge, ibara ya 153 inamtaka waziri afike mbele ya kamati anapoitwa na ajibu.

Leo nimekuwa nikifikiria zaidi maswali yanayohusu udhibiti, yaani kuweka kanuni za usalama na kuhakikisha zinafuatwa, kwa sababu ndiyo yanayokwepwa kwa urahisi kuliko yote. Swali la barabara lina jibu ambalo mtu anaweza kwenda kulitazama: ipo au haipo. Udhibiti ukifanya kazi yake, hakuna kinachoonekana. Jengo halikuungua. Dawa haikumdhuru mtu. Benki haikufilisika na akiba za wateja zikabaki salama. Mbunge gani atapigiwa makofi kwa balaa ambalo halikutokea? Ndiyo maana wachache huwa na hamu ya kuuliza kuhusu unene wa ukuta, muda wa ukaguzi au kiwango cha faini, mpaka watu wafe.

Tena mambo hayo hayamo ndani ya sheria yenyewe. Bunge hupitisha sheria inayosema waziri atatunga kanuni, kisha kanuni zinaandikwa wizarani na kutangazwa kwenye gazeti la serikali. Kenya ilijaribu kuziba pengo hilo kwa sheria ya mwaka 2013: kanuni isipofikishwa bungeni ndani ya siku saba za vikao baada ya kuchapishwa, inakoma kuwa na nguvu. Naipenda sana sheria hiyo. Inamlazimisha waziri alete alichokiandika mahali ambapo kinaweza kuulizwa.

Halafu kuna lile jibu la “hicho ni chombo huru”. Mbunge anauliza kwa nini mamlaka ya udhibiti imekaa kimya, waziri anasema haingilii kazi ya mamlaka. Kuna ukweli ndani yake, na ni ukweli muhimu: hatutaki waziri apige simu kuamua nani apewe leseni na nani anyimwe. Lakini uhuru wa mamlaka unahusu uamuzi wake juu ya faili moja moja. Sheria inayoiunda, bajeti inayoilisha, na mara nyingi uteuzi wa bodi yake, vinapita mezani kwa waziri au kwa wenzake serikalini. Kwa hiyo swali la nyongeza lipo tayari: mamlaka hiyo ina wakaguzi wangapi, iliomba wangapi, na mwaka jana walifika wapi? Hapo uhuru wa mamlaka hauguswi hata kidogo. Na waziri ana wajibu wa kujua.

Tukio linalonirudia kila ninapofikiria haya ni la London. Tarehe 3 Julai 2009 moto ulizuka katika jengo la ghorofa la Lakanal House, Camberwell. Walikufa watu 6, watatu kati yao watoto. Uchunguzi wa vifo ulipokamilika mwaka 2013, ofisa aliyeusimamia alimwandikia waziri husika akipendekeza mwongozo wa kanuni za ujenzi kuhusu moto upitiwe upya na uandikwe kwa lugha iliyo wazi, hasa kuhusu moto unavyosambaa kwenye kuta za nje. Waziri alijibu. Alisema mwongozo utapitiwa, na toleo jipya litatoka mwaka wa 2016/17.

Kundi la wabunge wa vyama mbalimbali waliojishughulisha na usalama wa moto hawakutosheka. Waliwaandikia mawaziri barua moja baada ya nyingine. Mwaka 2014 mmoja wa mawaziri hao alijibu kwamba hajaona wala kusikia lolote linaloonyesha mabadiliko hayo ni ya haraka, na kwamba hayuko tayari kuvuruga kazi za wizara ili yaletwe mbele. Usiku wa tarehe 14 Juni 2017, Grenfell Tower, jengo jingine la London, la ghorofa 24, lililokuwa limefunikwa kwa paneli zenye plastiki inayowaka, liliungua. Watu 72 walikufa. Mwongozo ulioahidiwa ulikuwa haujatoka.

Ripoti ya mwisho ya tume iliyoongozwa na Jaji Martin Moore-Bick ilitoka Septemba 2024. Ilisema vifo vyote vingeweza kuepukwa. Ilieleza pia kwamba ari ya serikali ya kupunguza kanuni iliitawala wizara kiasi kwamba hata mambo yanayogusa uhai wa watu yalipuuzwa au kucheleweshwa. Niliposoma sehemu ile nilizirudia zile barua. Wabunge wale waliuliza swali sahihi, kwa mtu sahihi, kwa wakati. Walikuwa na tarehe ya ahadi mkononi. Sitaki kusema kwamba kuuliza kwa sauti mbele ya ukumbi mzima kungeliokoa jengo lile. Hakuna anayeweza kusema hivyo. Ninachosema ni kwamba barua hujibiwa na kufungwa kwenye faili, na waziri anapobadilishwa, mrithi wake anaanza upya kana kwamba hakuna aliyewahi kuahidi. Mawaziri walipita. Hatari ilibaki ukutani.

Nikitaka kujikumbusha swali linavyoweza kufanya kazi, narudi India, mwishoni mwa 1957. Shirika la Bima ya Maisha, lililoundwa mwaka mmoja tu kabla kwa kutaifisha biashara ya bima ya maisha, lilikuwa limetumia takriban rupia milioni 12.4 kununua hisa za kampuni sita za mfanyabiashara Haridas Mundhra, zilizokuwa na hali mbaya. Fedha zile zilikuwa za wenye bima. Jambo liliingia bungeni kama swali la kawaida, jibu likawa la juujuu. Mbunge Feroze Gandhi hakuliachia hapo. Alirudi bungeni na maelezo kamili ya ununuzi ule. Kukaundwa tume ya jaji mmoja, M. C. Chagla, aliyesikiliza mashahidi hadharani, na Februari 1958 Waziri wa Fedha, T. T. Krishnamachari, akajiuzulu. Feroze Gandhi alikuwa mbunge wa chama tawala. Alikuwa pia mkwe wa Waziri Mkuu Nehru.

Hilo la chama linanigusa kweli. Katika Bunge la Australia, kwa mfano, wabunge wa upande wa serikali hupewa zamu zao za kuuliza, na inajulikana wazi kwamba mengi ya maswali hayo yameandaliwa upande wa waziri mwenyewe ili apate kueleza mazuri yake. Ule ni muda wa wananchi. Mbunge wa chama tawala ndiye mwenye nafasi bora ya kuuliza, kwa sababu hakuna atakayesema anatafuta kiki, na waziri hawezi kumjibu kwa kushambulia chama chake.

Kuhusu muda, nina maoni tofauti na wengi. Watu hulalamika kwamba dakika hazitoshi. Canada mbunge hupewa sekunde 35 za kuuliza, waziri sekunde 35 za kujibu. Ni finyu, nakubali, na jibu la sera haliwezi kuingia humo. Lakini swali linaweza. Aprili 2018, mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza, Waziri wa Mambo ya Ndani Amber Rudd aliulizwa kama idara yake ina malengo ya idadi ya watu wa kuondolewa nchini. Ulikuwa wakati wa kashfa ya Windrush, watu waliohamia kihalali kutoka Karibi miaka mingi nyuma wakitendewa kama wahamiaji haramu. Alijibu kwamba hakuna malengo ya namna hiyo. Nyaraka zikaonyesha yalikuwepo, na siku chache baadaye alijiuzulu, akikiri kwamba aliipotosha kamati bila kukusudia. Swali lenyewe lilikuwa la ndiyo au hapana. Mbunge anayetumia dakika mbili kusifia, kulaumu na kuhutubia kabla ya kufika kwenye “je”, anampa waziri uhuru wa kuchagua ajibu nini katika yote hayo.

Na waziri anayesema “takwimu hizo sinazo hapa, nitazileta kwa maandishi” namheshimu, mradi azilete. Nani anahakikisha? India ina kamati ya bunge kwa kazi hiyo tu. Kamati ya Ahadi za Serikali ya Lok Sabha iliundwa mwaka 1953. Hupitia majibu ya mawaziri na kuchambua kila neno lenye ahadi ndani yake: “suala linazingatiwa”, “nitalifuatilia”, “uchunguzi unaendelea”. Maneno ambayo kwingine ndiyo mwisho wa mjadala, kule yanaanza kuhesabiwa, na wizara inatarajiwa kutimiza ndani ya miezi mitatu. Uganda nayo ina kamati ya ahadi za serikali, na Kenya ina Kamati ya Utekelezaji. Kamati hizi hazitangazwi sana. Kwangu mimi hizo ndizo zinazobeba uzito wa bunge.

Mimi nina daftari langu la namna hiyo. Tarehe, waziri, neno alilotumia. Leo nimeongeza naibu waziri aliyesema kanuni za usalama “zitakamilika hivi karibuni”. Mbunge aliyeuliza alipewa nafasi ya swali la nyongeza, akauliza habari nyingine kabisa. Nimemwandikia ujumbe usiku huu, nikamtajia ukurasa wa Hansard. Nimemwomba kwenye kikao kijacho aulize mambo matatu tu: rasimu iko mezani kwa nani, itachapishwa mwezi gani, na kabla haijachapishwa, nani anakagua majengo hayo.